Difu Iliyokunywa Maji

Pikapu inayoshuka ufuo wa Mkunguni, huku Msambweni, Kwale, kupakia samaki huwa imeshakimbia lami ya Likoni–Lunga Lunga kwa muda wa kutosha kuipasha moto difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hata huwezi kuiwekea kiganja. Dereva akirudi kinyumenyume mpaka magurudumu yaingie majini, ili wachukuzi wasitembee mbali na mzigo, chuma kile cha moto hupoa mara moja. Hewa iliyomo ndani hujikunyata na kuacha nafasi. Juu ya nyumba ya ekseli kuna kipumulio kidogo cha kupitishia hewa wakati kama huo. Kikizibwa na matope au kutu, difu huvuta popote penye wepesi, yaani kwenye sili za ekseli na ile ya pinioni, ambazo kwa dakika hiyo zimezama. Kinachoingia ni maji ya chumvi.

Ndiyo maana katika Msambweni na vijiji vyake umri wa oili ya difu na ya giaboksi hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Vitabu vingi vya magari hutaja muda wa kati ya kilomita 40,000 na 80,000, kisha huongeza kwamba muda huo ufupishwe gari likivuta mizigo, likipita vumbi jingi au likivuka maji. Wenye magari wengi huishika tarakimu na kuiacha nyongeza. Gari la kwenda Mombasa na kurudi kwa lami linaweza kuifuata tarakimu. Lile linaloingia mashamba ya miwa ya Ramisi wakati wa masika, au linalofika ufuoni siku za bamvua, lifunguliwe difu litazamwe kila mvua zinapokatika. Na likizama mpaka katikati ya gurudumu, lifunguliwe wiki hiyo hiyo. Kazi yenyewe mtu mwangalifu anaweza kuifanya uani kwake, kwa nusu siku, bila kumlipa fundi.

Difu hutaka oili ya aina yake kwa sababu ya namna meno yake yanavyokutana. Jino la pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, hubingirika juu ya jino la kraunwili, gia kubwa inayozungusha ekseli, na papo hapo huteleza kwa urefu wake, likiwa limekandamizwa kwa nguvu zote za injini. Kampuni ya Packard ya Marekani iliuingiza mpangilio huo kwenye magari yake mwaka 1926: pinioni ikawekwa chini ya kitovu cha kraunwili, propela ikashuka, na sakafu ya gari ikashuka nayo. Gari likawa la chini na tulivu zaidi, lakini mafuta ya kawaida yakashindwa, kwa kuwa utando wake hukatika chini ya mteleko huo na chuma kikakwangua chuma. Dawa iliyopatikana ni kemikali za salfa na fosforasi. Mahali jino linapopata joto kali, kemikali hizo hujishika na chuma na kufanya ngozi nyembamba inayolika badala ya jino lenyewe. Ile harufu kali inayobaki mikononi baada ya kugusa oili ya difu ni ya salfa hiyo.

Maji yakiingia, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa na utando wake hupoteza nguvu. Gari likilala uani siku kadhaa, beringi huanza kushika kutu pale zilipoguswa na maji, na chumvi huharakisha. Difu ya namna hiyo haivunjiki siku ile ile. Huanza kulia miezi baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau safari ya ufuoni, na lawama humwangukia mtu aliyemuuzia gari.

Kabla ya kununua chochote, jua gari lako lina nini. Probox za kawaida na magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana difu nyuma. Difu yao imo ndani ya giaboksi. Ukiinama ukaona propela inakwenda nyuma, kama kwenye Hilux au Land Cruiser, hapo kuna difu ya nyuma, na gari likivuta kwa magurudumu yote manne kuna nyingine mbele, pamoja na boksi la kugawia nguvu katikati. Kila boksi lina oili yake na nati zake.

Kwenye chupa tafuta herufi GL, ambazo ni kipimo cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. GL-5 ndiyo ya difu. Giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4, yenye karibu nusu ya dawa zile za salfa. Kosa linalorudiwa mno ni kununua galoni moja ya GL-5 na kuijaza kote, kwa hoja kwamba namba kubwa ndiyo bora. Ndani ya giaboksi ya mkono mna pete za shaba ya manjano zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Baadhi ya dawa hizo, zikikutana na joto, huila shaba. Na oili yenye utelezi uliozidi huzinyima pete mshiko, gia zikaanza kukwaruza wakati wa kuingia. Kitabu cha gari kikiruhusu GL-5 kwenye giaboksi, kifuate. Kisiporuhusu, nunua chupa mbili tofauti. Uzito wa 75W-90 au 80W-90 hutosha kwa magari mengi katika joto letu, lakini hapo pia kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Difu zenye klachi za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure hutaka oili iliyoandikwa kwenye chupa kuwa ni ya difu za namna hiyo.

Nunua chupa iliyofungwa na muhuri wake, yenye alama ya KEBS, shirika la viwango, na namba ya kibali iliyo kwenye alama hiyo uitume kwa ujumbe wa simu kwenda 20023 kuhakikisha. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lililo wazi usiitie ndani ya difu, hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko mengine yote: kuingia chini ya gari. Katika Msambweni karibu kila ua una jiwe la kujengea: tofali la matumbawe lililochongwa, au bloku ya saruji. Mawe hayo hubeba nyumba kwa sababu uzito umetandazwa sawasawa ukutani. Chini ya ekseli uzito wote hukaa kwenye ncha moja, na jiwe la matumbawe, lenye vishimo ndani yake, hupasuka bila kutoa onyo lolote. Usilale chini ya gari lililoegemezwa kwenye jiwe, wala chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake, hata kwa muda wa kuokota spana. Jeki ya mafuta hushikilia gari kwa sili ya mpira; sili ikikatika, gari linashuka. Tumia stendi za chuma zilizoandikwa uzito zinaouweza, na chini ya kila mguu wake weka ubao mnene, kwa kuwa ardhi yetu ya mchanga humeza chuma polepole. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua hayo, gari halina breki. Magurudumu ya mbele lazima yawekewe vigingi pande zote mbili. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa nguvu ya mwili mzima. Likitikisika, shusha na uanze upya. Na pawe na mtu karibu anayejua unafanya nini.

Njia ninayoipendelea ni kutoliinua gari kabisa. Pikapu nyingi na Land Cruiser zimekaa juu kiasi kwamba mtu huingia chini yake magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, na hapo gari huwa limelala sawa, jambo ambalo kipimo cha oili hulihitaji. Gari lililoinuliwa upande mmoja hudanganya: utalijaza pungufu au kupita kiasi.

Jioni ya kuamkia kazi, safisha nati zote mbili za difu, ya kujazia na ya kumwagia, kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi endesha gari robo saa ili oili iwe nyepesi, kisha liache lipoe kidogo, kwa maana oili iliyotoka njiani huunguza ngozi. Vaa glavu. Nati ya kwanza kufunguliwa ni ya juu, ya kujazia. Utaratibu huu si pendekezo tu. Nati za huku huganda kwa chumvi, na mtu akimwaga oili kupitia chini halafu ya juu ikagoma, amebaki na gari lisiloweza kusogea hata hatua moja. Difu nyingi za Toyota hutaka soketi ya 24. Nyingine hutaka ufunguo wa pembe sita wa kuingia ndani. Spana iliyolegea itaila nati pembe, na hapo utahitaji mtu wa kuchomelea.

Ya juu ikikubali, weka beseni na ufungue ya chini, uache mpaka matone yaachane. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku, nayo itakusimulia maisha ya difu. Tope laini la kijivu ni mliko wa kawaida, lipanguse. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole ni jino au beringi iliyovunjika, na hapo kazi ya nyumbani imekwisha, mwite fundi. Vumbi la rangi ya dhahabu kwenye oili ya giaboksi hutoka kwenye zile pete za shaba. Funga kwa washa mpya, kwa mkono wa kawaida bila kuongezea bomba kwenye spana. Kisha ingiza oili kwa pampu ya mkono au kwa mpira kutoka juu, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Ikiacha kuchuruzika, funga. Difu ya pikapu hunywa takribani lita mbili hadi tatu.

Kama iliyotoka ilikuwa ya rangi ya maziwa, hujamaliza. Maji mengine yamejificha ndani ya mirija ya ekseli na yatateremka gari likitembea. Endesha siku chache, mwaga tena hata oili mpya, ujaze mara ya pili. Halafu fungua kipumulio, kisafishe kipitishe hewa, na ukiweza ukivalishe mpira mrefu unaopanda mpaka ndani ya bodi, juu ya pale maji yanapofika.

Giaboksi ya otomatiki ina sheria nyingine. Toyota za zamani kidogo hutaka mafuta ya T-IV, zilizofuata hutaka WS, na otomatiki za aina ya CVT hutaka ya CVT pekee. Mafuta hayo ndiyo yanayobeba shinikizo la kubadilisha gia, kwa hiyo aina isiyo yake huua boksi. Ukifungua nati ya chini hutoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta na mirija ya kupoza. Rudisha kiasi kile kile kilichotoka, ukipime kwa jagi. Boksi lenye dipstiki hupimwa likiwa na joto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha leva kila nafasi na kuirudisha P; Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa. Lisilo na dipstiki hupimwa kwenye joto maalumu linalosomwa kwa mashine, na hilo ningemwachia fundi mwenye mashine hiyo.

Imebaki oili chafu iliyo kwenye beseni. Usiimwage ardhini, kwa kuwa watu wengi wa Msambweni hutumia maji ya visima na pampu za mkono. Maji hayo yamekaa ndani ya mchanga na matumbawe, na matumbawe yana mianya inayopitisha kinachomwagwa juu bila kukichuja vya kutosha. Oili iliyopakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa, au iliyonyunyizwa njiani kuua vumbi, husafiri na mvua kuelekea huko huko. Kanuni za taka chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya Kenya, huihesabu oili chafu kuwa taka hatari. Irudishe kwenye chupa zile zile za oili mpya, kamwe isiwe kwenye chupa ya maji au soda ambayo mtoto anaweza kuifungua, uandike ubavuni kwamba ni chafu. Uliza gereji kubwa au kituo cha mafuta Ukunda kinachokusanya kwenye mapipa kwa ajili ya wasafishaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Usiichanganye na petroli wala maji ya rejeta, maana mchanganyiko huo wengi huukataa.