Sumu Inayopunguza Mafuta ya Uso

Mafuta yanayong'aa kwenye paji la uso, pua na kidevu hutoka kwenye tezi ndogo zilizoshikana na mashina ya vinyweleo. Usoni tezi hizo husongamana kwa mamia katika kila sentimita moja ya mraba, na kazi yake ni kutengeneza sebamu, mchanganyiko wa mafuta na nta unaolainisha ngozi na kuikinga isikauke. Huamka wakati wa balehe kwa msukumo wa homoni za androjeni, ndiyo maana mtoto wa miaka saba hana shida hiyo na kaka yake wa miaka 17 anayo. Sebamu ikizidi, vitundu vya ngozi hutanuka na kuziba, na bakteria wanaochochea chunusi hupata chakula.

Joto nalo huchangia. Majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba ngozi ikipanda joto kwa nyuzi moja ya selisiasi, sebamu inayotoka huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa watu wa Kilosa, mkoani Morogoro, hilo si jambo la maabara. Mji wao uko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, chini ya milima, na Mikumi, mji wa wilaya hiyohiyo ulioko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, nao uko bondeni. Kuanzia Oktoba hadi mvua za masika, dereva wa bodaboda au muuza matunda anayesubiri mabasi Mikumi huwa amejifuta uso mara kadhaa kabla ya saa nne asubuhi. Sehemu ya kile anachojifuta ni jasho, lakini sehemu nyingine ni sebamu, na hiyo haiishi kwa kupigwa na upepo.

Katika miaka ya karibuni kliniki za urembo duniani zimekuwa zikitangaza dawa mpya ya tatizo hili: sindano ndogondogo za sumu ya botulinamu, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Botox. Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Inapoingia mwilini hujipenyeza kwenye ncha za neva na kukata protini ambayo bila hiyo neva haiwezi kumwaga asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ikaze na tezi za jasho zifanye kazi. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeigeuza kuwa dawa kwa kuitumia kunyoosha makengeza. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa makengeza na mkazo wa kope mwaka 1989, kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa jasho kali la kwapani mwaka 2004. Ngozi ya mafuta haimo katika orodha hiyo. Anayechomwa kwa sababu hiyo anapewa dawa nje ya matumizi yaliyoidhinishwa. Madaktari wanaruhusiwa kufanya hivyo, ila mgonjwa anapaswa kuambiwa.

Uchomaji wenyewe hautofautiani sana na wa mikunjo, isipokuwa kina chake. Kwa mikunjo dawa huingizwa ndani ya msuli. Kwa mafuta huwekwa ndani ya ngozi yenyewe, juu ya msuli, kwa sindano nyembamba na kwa matone madogo yaliyopangwa kwa mistari yenye nafasi ya sentimita moja hivi. Kila tone huacha uvimbe mdogo mweupe unaotoweka baada ya muda mfupi. Lengo ni dawa ibaki pale zilipo tezi na igusie msuli kwa uchache.

Ripoti iliyofungua mjadala ilitolewa mwaka 2008 na Anil Shah, daktari wa upasuaji wa uso wa Chicago. Alipitia wagonjwa wake 20 waliochomwa usoni kwa njia hiyo, na 17 kati yao walionekana kupungukiwa na mafuta na vitundu vya ngozi baada ya mwezi mmoja. Ulikuwa mwanzo tu: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na macho ya mtu anayetamani matokeo mazuri hayaaminiki sana.

Mwaka 2013 watafiti Amy Rose na David Goldberg walikwenda hatua mbele kwa kupima. Kipimo kinachotumika kwa kazi hii ni cha kupendeza kwa urahisi wake. Utepe maalumu wa plastiki wenye rangi ya maziwa hubanwa kwenye paji la uso kwa sekunde 30. Sebamu ikiugusa, utepe huanza kupitisha mwanga, na kifaa husoma mwanga uliopita na kutoa idadi ya mikrogramu za mafuta kwa kila sentimita ya mraba. Rose na Goldberg waliwachoma watu 25 wenye ngozi ya mafuta katika pointi 10 za paji la uso. Mafuta yalipungua kwa kiasi kikubwa tangu wiki ya kwanza, na upungufu huo uliendelea kuonekana katika vipimo vya mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kati ya 23 waliotoa maoni, 21 waliridhika.

Mwaka huohuo watafiti wa Korea Kusini walitoa maelezo ya kwa nini jambo hilo linawezekana. Walikuta vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi za mafuta, na chembe za tezi hizo zilipomiminiwa kemikali hiyo maabara zilitengeneza mafuta zaidi. Walipowachoma watu wa kujitolea, mafuta yalipungua kwa wenye ngozi ya mafuta, lakini si kwa wenye ngozi kavu au ya kawaida. Hilo la mwisho ni la maana, kwa sababu linaonyesha kwamba dawa haikaushi kila ngozi, bali hupunguza kilichozidi. Hata hivyo maelezo hayo hayajafunga mjadala. Wapo wanaodhani kwamba sehemu ya matokeo inatokana na jasho kupungua, kwani jasho husambaza sebamu usoni, au na kulegea kwa misuli midogo inayoinua vinyweleo.

Utafiti mwingine unaostahili kutajwa ulichapishwa mwaka 2015. Wanawake 42 waliochomwa kwa ajili ya mikunjo ya paji la uso waligawanywa kwa kura, wengine wakapata uniti 10 na wengine 20. Mafuta yalipungua zaidi karibu na pale sindano ilipoingia kuliko mbali. Kuongeza dozi hakukuongeza faida, na kufikia wiki ya 16 mafuta yalikuwa yamerudi kama zamani. Anayeanza matibabu haya, kwa hiyo, anaanza safari ya kurudia sindano takriban mara tatu kwa mwaka.

Ukiuweka pamoja, ushahidi huu unaonyesha jambo la kweli, lakini ni mwembamba. Makundi ni ya makumi ya watu, tafiti zenye kundi la kulinganisha ni chache, na nyingi zinahusu paji la uso tu. Dozi nazo hazilinganishiki kirahisi, kwa kuwa uniti moja ya chapa fulani si sawa na uniti moja ya chapa nyingine. Kibaya zaidi kwa msomaji wa Morogoro, waliofanyiwa majaribio ni hasa Wamarekani na Waasia. Ngozi nyeusi huacha madoa meusi kirahisi inapojeruhiwa, na sindano nyingi za uso mzima ni majeraha madogo mengi. Suala hilo halikupewa nafasi linayostahili katika tafiti hizo.

Usalama nao unahitaji maneno ya wazi. Dawa ikishuka mpaka kwenye msuli, nyusi au kope huweza kuanguka kwa wiki kadhaa. Tangu mwaka 2009 pakiti za dawa hizi Marekani hubeba onyo kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na pale ilipochomwa na kudhoofisha misuli ya kumeza na kupumua. Hii ni sumu ileile ya botulizimu, ugonjwa ambao Afrika Mashariki imeuonja. Mlipuko uliotokea Kenya baada ya watu kula kumbikumbi uliripotiwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1980. Uganda, Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa na mmoja akafariki. Sumu aina ya A, ileile inayotengenezewa dawa za urembo, ilithibitishwa, na kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Mwaka 2024 Marekani iliwafuatilia watu 22 katika majimbo 11 walioumwa baada ya kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na watu wasiostahili.

Kwa hiyo, sindano ya aina hii inayotolewa saluni au chumba cha hoteli ni hatari isiyo na utetezi wowote. Botox halisi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi, na ikishachanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa 24. Chupa iliyosafirishwa kwenye begi kutoka Dar es Salaam wakati wa joto la Januari haina mtu wa kuidhamini.

Kilosa na Mikumi, ngozi yenye mafuta mengi na chunusi mara nyingi ina sababu iliyo karibu zaidi. Mafuta mazito yanayopakwa nywele huteremka na kuziba vitundu vya paji la uso. Krimu za kung'arisha zenye steroidi, zikiwemo zile za mkorogo, huzaa chunusi zake zenyewe na huifanya ngozi kuwa nyembamba. Kuacha hivyo viwili na kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali hugharimu kidogo. Yakishindikana, hospitali ya wilaya Kilosa au ile ya Mtakatifu Kizito Mikumi inaweza kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa ngozi; Tanzania imekuwa ikiwafundisha wataalamu hao katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha kanda kilichoanza mwaka 1992. Krimu za retinoidi na benzoili peroksidi hutibu chunusi kwa ushahidi mkubwa kuliko sindano. Kwa mafuta yenyewe hakuna kinachofikia vidonge vya isotretinoini, vinavyoweza kupunguza sebamu kwa zaidi ya nusu. Vidonge hivyo huharibu mimba vibaya, hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi bila kupimwa ujauzito na kutumia uzazi wa mpango wa uhakika muda wote wa matibabu na mwezi mmoja baada ya kumaliza.