Programu ya bure: na mwenyewe akigeuka?

KANSANGA, Kampala

ANAYEPITA Barabara ya Ggaba hapa Kansanga, karibu na chuo kikuu cha KIU, hachelewi kuona duka la kuchapisha na kutoa fotokopi. Wateja wa maduka hayo si wanafunzi peke yao. Nimewakuta humo wafanyabiashara wanaovuka Busia, Malaba na Mutukula wakichapisha ankara na orodha za mizigo. Nimewakuta pia ndugu zetu waliorejea kutoka ughaibuni, ambao programu waliyokuwa wakiilipia kila mwezi iligoma mara tu kadi ya benki ya kule ilipofungwa. Hesabu zao wanaweza kuzisoma, lakini kuongeza mstari mmoja hawawezi.

Wote hao huwa nawaelekeza kwenye LibreOffice, programu huria ya kuandika barua na kupiga hesabu, isiyolipiwa. Mfanyabiashara mzoefu hafurahii haraka. Huuliza: je, mwenyewe akiamka kesho akabadili masharti, daftari langu la madeni litakuwa mikononi mwa nani?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya programu hiyo yenyewe.

Leseni ndiyo mkataba

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mafundi, yako wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuyatumia, kuyanakili, kuyabadili na kuyagawa. Mwenye haki anaweza kubadili leseni ya matoleo yajayo. Lakini toleo alilokwisha kuligawa kwa leseni huria hawezi kulirudisha mfukoni.

Wenye maduka wa katikati ya Kampala wanaijua adha ya mwenye jengo kupandisha kodi. Mpangaji huhama na bidhaa zake, jengo akaliacha. Katika programu huria, wapangaji wanaweza kuondoka na nakala ya jengo zima, kuta na paa, wakalisimamisha ng'ambo ya barabara kwa jina jingine. Mwenyewe hubaki na nakala yake na jina lake.

Kutoka OpenOffice hadi LibreOffice

Mwaka 2000 kampuni ya Sun ya Marekani iliweka wazi programu iliyokuja kuitwa OpenOffice.org. Waswahili hatukuachwa nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu hiyo hiyo kwa Kiswahili.

Januari 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Wachangiaji wengi waliingiwa na wasiwasi juu ya mwenye mali mpya, na Septemba 28 mwaka huo wakajitenga, wakatangaza taasisi ya The Document Foundation na programu ya LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, na leseni yake ikabadilika. LibreOffice imeendelea kutoa toleo jipya takribani kila miezi sita. OpenOffice bado ipo, lakini maendeleo yake ni ya kujikongoja.

Mfano wa karibuni uko wazi zaidi. Machi 2024 kampuni ya Redis, ambayo programu yake ya kuhifadhi data imo ndani ya seva za huduma nyingi duniani, iliachana na leseni huria ya BSD. Kabla mwezi haujaisha, wachangiaji walikwisha anzisha Valkey chini ya Linux Foundation, wakiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle. Ndiyo, Oracle ile ile. Mei 2025 Redis ikarudisha leseni huria, safari hii AGPL, kama mojawapo ya leseni zake.

Gharama ipo

Hata hivyo, tusidanganyane. Tawi jipya linahitaji mafundi, seva na fedha. Valkey ilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Programu ndogo isiyo na wafadhili ikibadilishiwa leseni, nakala ya zamani hubaki halali, lakini huenda ikakosa fundi wa kuziba mianya ya usalama. Kwa lugha yetu, kila mgawanyiko ni mzigo: watafsiri ni wachache, na inabidi wachague nyumba ya kuifanyia kazi. Faraja ni kwamba LibreOffice inayo kamusi ya kusahihisha tahajia za Kiswahili.

Uliza mambo matatu

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaikabidhi programu daftari la biashara yako, uliza mambo matatu. Kwanza, leseni yake ni huria kweli au ni bure ya muda tu? Pili, inashughulikiwa na kampuni moja au na wengi? Tatu, faili zake zinahifadhiwa katika muundo gani?

Hilo la tatu ndilo kubwa. Muundo wa ODF unaotumiwa na LibreOffice ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Faili ya hesabu inayoishia na .ods hufunguka katika LibreOffice, OpenOffice na hata Excel. Mwenye programu moja akigeuka, unahamia nyingine na madeni yako yote yakiwa yameandikwa.

Nakala ya pili iweke kwenye flashi, na flashi hiyo isikae mfuko mmoja na kompyuta. Safari za mpakani zina mengi.