Leja Leja: Kazi Isiyoonekana kwenye Hesabu za Isingiro

Kuna neno utakalolisikia Nakivale kabla siku haijaisha: leja leja. Mtu akiulizwa jana alikuwa wapi, hujibu, "Nilienda leja leja." Maana yake alitoka kambini alfajiri jembe begani, akaingia kwenye shamba la migomba la mwenyeji, akapimiwa ngwe yake, akaipalilia hadi jua likachoma, kisha akarudi na shilingi chache, au mkungu mmoja, au mahindi kidogo kwenye mfuko. Masikioni mwangu neno hili ni ndugu wa "rejareja" ya dukani. Kule mwenye duka hulifungua gunia la sukari akauza robo kilo robo kilo. Huku mtu huzifungua nguvu zake akaziuza ngwe kwa ngwe.

Nalianzia neno hili kwa sababu linafungua fumbo linalowasumbua wengi wanaosoma takwimu za wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Wilaya hii ndiyo yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale (serikali husema makazi, wenyewe husema kambi), na ndiyo inayoteremka hadi Kikagate, mji mdogo ulio kando ya mto Kagera, ukitazamana na Murongo ya Tanzania. Watu wanaongezeka kwa kasi. Ardhi iko pale pale. Lakini kwenye karatasi, karibu kila mtu mzima wa kijijini anaitwa mkulima. Mimi nasema wengi wao wameacha kuwa wakulima siku nyingi. Ni vibarua wanaoishi shamba.

Tuanze na vichwa. Isingiro ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Sensa ya 2002 ilikuta watu 316,025 katika eneo lililokuja kuwa wilaya hii. Ile ya 2014 ikakuta 486,360. Na ile ya 2024 imepita laki sita. Kati ya 2002 na 2014 ongezeko lilikuwa kama asilimia 3.6 kwa mwaka, wakati Uganda nzima ilikuwa asilimia 3. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ipime kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa demografia hufundishwa wiki ya kwanza: gawanya 70 kwa kiwango cha ongezeko, upate miaka ya idadi kuwa maradufu. Kwa asilimia 3.6, ni chini ya miaka 20. Aliyeoa akiwa na miaka 25 ataona kijiji chake kimekuwa viwili kabla hajafika 45.

Watu hao hutoka wapi? Wengi huzaliwa hapo hapo. Karibu nusu ya Waganda wote wana umri wa chini ya miaka 18, na Isingiro haiko nje ya hesabu hiyo. Mtoto aliyezaliwa leo haombi kazi leo. Anaomba chanjo, maji na dawati. Kazi ataiomba baadaye, na atakapoiomba ataiomba pamoja na wenzake wote wa rika lake. Wengine huja wakikimbia. Vita vya mashariki mwa Kongo vilipochacha tena mwaka 2025, Goma ikaanguka Januari na Bukavu Februari, mabasi yaliyobeba waliovuka mpaka wa Bunagana yaliishia Nakivale. Na kuna njia ya tatu ambayo wasomaji wa takwimu huisahau: kalamu ya mchora mipaka. Mji wa Mbarara ulikuwa na watu wapatao 69,000 mwaka 2002. Mwaka 2014 ukaandikwa na zaidi ya 195,000. Ukisikia hivyo utadhani mkoa mzima ulihamia mjini. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mashamba ya Biharwe, Kakiika na Nyakayojo kuingizwa ndani ya mipaka ya mji. Mama aliyelala akiwa mwanakijiji aliamka akiwa mtu wa mjini, migomba yake ikiwa pale pale nyuma ya nyumba. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapandishwa kuwa jiji, naye akapanda nayo.

Hapo hapo niweke onyo. Sensa ya Uganda humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Daftari la wakimbizi, linalowekwa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, humhesabu pale aliposajiliwa. Mtu anaweza kuandikwa Nakivale, akapanga chumba Mbarara, na akawa na genge lake la nguo Kampala. Ndiyo maana madaftari haya mawili hayajumlishwi wala hayatolewi moja kwa lingine, ingawa nimewahi kuona ripoti nzito zikifanya hivyo bila haya.

Sasa twende Nakivale kwenyewe. Ni kambi kongwe kuliko uhuru wa Uganda. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi Watutsi kutoka Rwanda, na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 185. Waliosajiliwa humo wameshapita 180,000: Wakongomani ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Gawanya mwenyewe. Hata kwa idadi hiyo ni karibu watu elfu moja kwa kila kilomita ya mraba, katika nchi kavu ya wafugaji ambako mvua ikichelewa wiki tatu watu huanza kuhesabu magunia. Kiswahili cha Kongo ndicho kinachouza na kununua sokoni, na Msomali wa Base Camp, kitovu cha kambi, anakijua vizuri kuliko maafisa wengi wanaotoka Kampala.

Sifa ya sera ya Uganda duniani ni ardhi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 zilimpa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi, kutembea nchini na kutumia kipande cha ardhi. Ni sera nzuri, na sitaiondolea sifa yake. Lakini pima kipande chenyewe. Waliofika zamani walipewa mita 50 kwa 100, yaani nusu hekta. Waliokuja miaka ya karibuni hupata mita 30 kwa 30, au pungufu ya hapo. Mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900. Toa nyumba, choo, jiko na njia ya kupita, unabakiwa na bustani ya mboga. Kwa kipande cha zamani kaya ya watu sita ingeweza kula na kubakiza kidogo cha kuuza. Kwa kipande cha sasa kaya hiyo hiyo italisha sufuria wiki chache baada ya mavuno, kisha itatoka kwenda kununua. Anayenunua chakula chake na kuuza nguvu zake anaitwa nani katika uchumi? Haitwi mkulima.

Isidhaniwe ni habari ya wakimbizi peke yao. Mwenyeji wa Isingiro mwenye wana watano wa kiume hugawa shamba lake mara tano, na wanawe watagawa tena. Tofauti ni kwamba kwa mwenyeji kipande hupungua kwa urithi, polepole. Kwa mkimbizi hupungua kwa tangazo la ofisi.

Upande wa pili wa leja leja ni matooke. Isingiro ni miongoni mwa wilaya zinazoilisha Kampala. Fuso hupakia mikungu usiku, zikapita Mbarara, zikaingia masoko ya jiji kuu kabla ya mapambazuko. Shamba la migomba halilimwi mara moja likaachwa. Linataka kupaliliwa, kupunguzwa machipukizi, kukatwa majani makavu, kufukiwa matandazo, na migomba iliyoshikwa na mnyauko wa bakteria lazima ing'olewe haraka. Yote ni mikono. Kambi ya jirani ndiyo iliyoleta mikono hiyo, kwa bei nafuu. Mwenye ekari kumi alifaidika sana. Mwenyeji asiye na ekari, aliyekuwa akiishi kwa kulimia wenye mashamba, alikuta ngwe yake imeshachukuliwa na mtu anayekubali malipo ya chini.

Jambo hili limeshapimwa, tena ng'ambo tu ya mto. Wakimbizi wa Burundi na Rwanda walipomiminika mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 1993 na 1994, watafiti walikuwa tayari na takwimu za kaya za mkoa huo za kabla ya wakati huo. Wanauchumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, katika makala yao ya 2014, walionyesha kwamba wenyeji hawakupata jambo moja: wakulima wenye mashamba yao walinufaika kwa vibarua rahisi, na vibarua wenyeji wakaumia kwa ushindani. Kwa hiyo ukisikia mabishano ya redioni kama wakimbizi ni mzigo au ni baraka kwa wilaya, muulize anayesema ana ekari ngapi. Jibu lake utalijua kabla hajalitoa.

Kilichokuwa kikiwaokoa vibarua wote, wa ndani na wa nje ya kambi, ni posho. Msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, uwe unga au pesa taslimu, haukuishia tumboni mwa aliyeupokea. Alinunua sabuni kwa Msomali, Msomali akalipa boda boda wa Kiganda, wa boda akanunua matooke. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014, uliopita kambi za Nakivale na Kyangwali pamoja na Kampala, ulikuta kwamba huko Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya waajiriwa hao asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Fedha haina kitambulisho cha ukimbizi.

Posho imekuwa ikikatwa kama mkate unaoisha. Aprili 2020 ilishushwa hadi asilimia 70 ya mgao kamili, Februari 2021 hadi 60. Julai 2023 watu wakagawanywa mafungu matatu: wanyonge zaidi walibaki na 60, wengi wakapata 30, na fungu la tatu halikupata kitu. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa kabisa kwenye orodha.

Mwanauchumi akitazama hapo haoni njaa tu; anaona soko la kazi likifurika asubuhi moja. Jana kaya ilimtuma mtu mmoja kwenda leja leja. Leo inawatuma watatu, pamoja na binti aliyekuwa darasa la sita. Mashamba hayakuongezeka, kwa hiyo malipo ya ngwe hushuka. Tena mwenye duka aliyekuwa akiuza kwa wapokea posho naye hupunguza msaidizi. Na mvua ikigoma, mwenye shamba haajiri yeyote, kwa sababu hana cha kupalilia. Mikasa hii haipangi foleni. Huja pamoja.

Kuna matumaini mengine? Yapo mawili, Kikagate na Mbarara, na yote nayaona ni madogo kuliko yanavyosifiwa. Barabara ya lami kutoka Mbarara hadi daraja la Murongo, kilomita zipatazo 74, imeifanya Kikagate kuwa mlango wa biashara kweli kweli: kahawa ya Kyerwa, ng'ambo ya mto, huvuka (kwa leseni na bila leseni), bidhaa za viwandani hurudi, na shilingi za nchi mbili hubadilishwa juu ya meza ya mbao. Karibu na hapo upo mtambo wa umeme wa Kikagati-Murongo, megawati 14, uliozinduliwa na marais wa nchi mbili mwaka 2023, umeme wake ukigawanywa nusu kwa nusu. Mtambo wa zamani uliharibiwa katika vita vya Uganda na Tanzania vya 1979. Lakini bwawa huajiri mamia likijengwa na wachache likiisha, na biashara ya mpakani huwalipa wenye mtaji. Mbarara nayo ina viwanda vya maziwa, chuo kikuu cha sayansi na hospitali kubwa ya rufaa. Hizo ni ajira za watu wenye vyeti, na cheti cha Lubumbashi au Bujumbura kwanza kitafsiriwe, kipelekwe kulinganishwa, kisubiriwe.

Nirudi kwenye fumbo la mwanzo: kwa nini leja leja haionekani kwenye hesabu? Kwa kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo angalau saa moja katika wiki iliyopita anahesabiwa kuwa na ajira. Aliyepata ngwe moja Jumanne na kukaa bure siku sita anaandikwa "ameajiriwa", sawa na karani wa benki. Kanuni mpya za mwaka 2013 ziliongeza kwamba anayelima kwa ajili ya kula tu hahesabiwi kuwa na ajira. Hivyo mtu yule yule, mwezi huu akiishi kwa bustani yake hana kazi, mwezi ujao akiuza ngwe moja anayo. Kisha dodoso linapomuuliza shughuli yake kuu, anajibu "kilimo", kwa sababu ndicho baba yake alichojibu.

Matokeo yake mipango huandikwa kwa wakulima: mbegu bora, mbolea, mafunzo ya kilimo cha kisasa. Ni vitu vizuri kwa mwenye ekari kumi. Kwa mwenye mita 900 ni kama kumpa kasia mtu asiye na mtumbwi. Huyu anahitaji ujira usioshuka kila posho inapokatwa: kazi za umma za kuchimba mabwawa ya maji na mifereji, mikopo ya vyerehani na mashine za kusaga, na vyeti vinavyotambuliwa kwa wiki badala ya miaka.

Kwa wale wanaoandaa dodoso la kaya la wilaya, mkianzia Base Camp au Kikagate, ombi langu ni moja. Msimuulize mtu kama ni mkulima. Mwulizeni wiki iliyopita alipata ngwe siku ngapi, na alilipwa nini.