Malisho Yaliyo Juu ya Mawe

Mtu wa Rusimbi, mjini Kigoma, ashukaye Ziwa Tanganyika, akauacha mchanga wa Ujiji na kushika njia ya miamba ya Bangwe, huyaona mawe yamefunikwa na mwani wa kijani, mfupi kama nyuzi za busati, naye aghalabu hudhani kwamba mmea huo ni dhaifu, hauna nguvu ya kukua. La hasha! Hukua kila siku, ila hauachwi ukarefuka.

Mmoja katika miani hiyo ni Kladofora. Ukiutazama kwa hadubini utaona chembe zilizoungana ncha kwa ncha, zikafanya uzi wenye matawi, na kila chembe ina kijani chake cha kunasa nuru ya jua na kujitengenezea chakula kwa maji na hewa ya ukaa. Tofauti na Spairojaira, mwani wa madimbwini ambao ute wake huwatelezesha wapangaji, Kladofora ina ngozi kavu yenye kukwaruza, na kwa sababu hiyo dayatomu, vijimwani vyenye magamba mfano wa kioo, hupanda na kukaa juu yake. Miani ya ziwa hili ilikusanywa na msafara wa mtafiti Cunnington wa 1904 hadi 1905, na G. S. West, mtaalamu wa Kiingereza, akaichapishia taarifa mwaka 1907.

Waufupishao mwani huo kwa kuulisha juu ya mawe ni samaki, jamaa za perege, nao wamegawana riziki kwa namna ya ajabu: wale wa jenasi ya Tropheus huzing'ata nyuzi na kuzinyofoa, ilhali Petrochromis, wenye meno mengi membamba, huzichana nyuzi wakaokota dayatomu na kuuacha uzi mahali pake. Utumbo wa Tropheus ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kama ilivyo ada ya walao majani, na dume hulinda jiwe lake kwa ukali usiolingana na kimo chake.

Malisho haya yana adui wawili, nao hawafanani. Udongo uletwao na mvua kutoka vilima vilivyokatwa miti hutua juu ya mawe, ukaizuia nuru na kumlisha samaki tope pamoja na majani. Maji machafu ya mji, kinyume chake, huleta mbolea, na mwani huweza kukua kwa kasi iwashindayo walaji. Basi palipo na nyuzi ndefu zinazopepea karibu na mdomo wa mfereji, kwanza na iulizwe mfereji huo watoka wapi.