Mapambo ya Krismasi ofisini: stima ikipotea, chomoa plagi kabla ya kwenda nyumbani

Kila Disemba, ofisi nyingi mjini Kinango huvaa upya. Bendera ndogo za Jamhuri Dei zikishateremshwa baada ya tarehe 12, nafasi yake huchukuliwa na utepe wa kung'aa, puto na taa za kumetameta. Hakuna ubaya. Kaunti iliyokuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei tarehe 20 Oktoba 2024 haiwezi kuwakataza watu kupamba. Lakini ipo saa moja ya kuogopwa kuliko nyingine zote, nayo ni ile stima inapopotea.

Hali huwa hivi. Stima inapotea saa tisa mchana. Taa za mapambo zinazimika, feni inasimama, na ikifika saa kumi na moja wafanyakazi wanafunga milango na kwenda zao. Hakuna anayekumbuka kuchomoa plagi kwa sababu kila kitu kinaonekana kimezimwa. Usiku stima inarudi, mara nyingine kwa nguvu nyingi kupita kawaida, na mapambo yanawaka ndani ya chumba kisicho na mtu. Askari aliye getini ataona moshi ukiwa tayari umetoka dirishani. Tarehe 25 na 26 zikiangukia Alhamisi na Ijumaa, ofisi hukaa siku nne namna hiyo.

Kinachoweza kuungua si meza na viti tu. Humo mna fomu za basari, barua za kesi za mashamba na rejista za kliniki, na nyingi hazina nakala nyingine. Mama aliyetoka Samburu au Mackinnon Road kuja kufuatilia faili yake ndiye atakayeanza upya.

Moto unahitaji kitu cha kushika, na mapambo yetu mengi hushika upesi. Matawi ya mvinje, ambayo ndiyo mti wa Krismasi wa watu wengi huku pwani, hukauka haraka kwa joto la Disemba. Tawi lililokatwa mwanzoni mwa mwezi huwa kavu kama kuni sikukuu inapofika, kwa hivyo ni bora likatwe siku chache kabla, liwekwe kwenye ndoo ya maji na liondolewe linapoanza kupukutika. Pamba inayotandazwa juu yake kuigiza theluji, theluji ambayo Kinango haijapata kuiona, huwaka kwa cheche moja. Mapambo ya karatasi yasitundikwe juu ya rafu za faili wala karibu na taa ya dari. Vibanda vya makuti vya kungojea huduma visifungwe nyaya za umeme kabisa.

Wengi hudhani taa ndogo ndizo zinazolemea ekstensheni. La. Taa za kisasa za LED hutumia umeme kidogo sana. Tatizo ni birika la chai lililochomekwa kando yake. Plagi yetu ya miguu mitatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wa volti 240, na birika moja linaweza kula wati 2,000 au zaidi. Ongeza mikrowevu na pasi, waya unapata moto. Ekstensheni iliyoachwa imeviringwa hupata moto zaidi, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Ikunjuliwe yote, isipitishwe chini ya zulia, na ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine. Mishumaa ya kuwasha stima ikipotea isikaribie mapambo, tochi inatosha.

Halafu kuna milango. Moto ulipozuka katika duka kuu la Nakumatt Downtown jijini Nairobi tarehe 28 Januari 2009, ilikuwa mchana, watu wakinunua bidhaa, na 29 walipoteza maisha. Ofisi nyingi zina vyuma madirishani, kwa hivyo mlango wa nyuma ndio tegemeo. Mti wa Krismasi usiwekwe mbele yake, wala katoni za zawadi.

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinataka kila mahali pa kazi pafanye zoezi la kutoka wakati wa moto angalau mara moja kwa mwaka. Ofisi ambayo haijafanya bado ina wiki chache. Siku hiyo hiyo mtungi wa kuzima moto ukaguliwe: moto wa umeme huzimwa kwa mtungi wa poda kavu au wa kaboni dayoksaidi, si kwa maji.

Anayefunga ofisi jioni achomoe mapambo kwa mkono wake, iwe stima ipo au haipo. Kabla ya likizo ndefu azime swichi kuu, isipokuwa penye friji ya chanjo au dawa, na amwonyeshe askari ilipo. Nambari za dharura ni 999 na 112.