Kumfasiri Metoikos wa Athens

Mfasiri wa historia ya Wayunani wa kale hana budi kukutana na neno metoikos, na huenda akashawishika kulifasiri "mlowezi". Kwa maoni yetu tafsiri hiyo haifai. Neno "mlowezi" humkumbusha msomaji wa Afrika ya Mashariki mtu aliyekuja akatwaa ardhi. Metoikos, kinyume chake, hakuruhusiwa kumiliki shamba wala nyumba ila kwa idhini maalumu. Alilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka, na mwanamke aliyejitegemea alilipa 6. Alihitaji mdhamini aliye raia, na vita vilipozuka aliitwa jeshini. Riziki yake aliitafuta katika ufundi na biashara.

Je, tumwite "mgeni"? Sheria ya Perikles ya mwaka 451 K.K. ilimtambua kuwa raia yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili walikuwa Waathens. Hivyo mtoto wa metoikos, ajapozaliwa mjini humo, alibaki metoikos. Mtumwa aliyeachwa huru naye aliingia katika kundi hilo hilo. Mtu aliyezaliwa mahali, akakulia na kuzikwa papo hapo, twawezaje kumwita mgeni? Kwa sababu iyo hiyo "mwananchi" halifai kumfasiri raia wa Athens. (Neno "raia" lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni watu wachungwao na mtawala, Mwathens angalistaajabu kuitwa hivyo.)

Tunapendekeza "mkazi asiye raia". Ni maneno matatu mahali pa moja, lakini hayadanganyi.

Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, zilizochongwa katika mawe mwishoni mwa karne ya 5 K.K., zaonyesha raia, wakazi wasio raia na watumwa wakifanya kazi bega kwa bega kwa ujira ule ule, drakma moja kwa siku. Mfasiri akiwaita wote "mafundi" hakosei, ila msomaji hatajua kwamba ujira wa mtumwa ulikuwa haki ya bwana wake. Akimwita mtumwa huyo "kibarua", kama walivyoitwa Unguja katika karne ya 19 watumwa waliokodishwa na kugawana ujira na mabwana zao, atakaribia zaidi hali yenyewe. Lakini kibarua wa leo ni mtu huru, na kwa hiyo maelezo chini ya ukurasa hayaepukiki.