Mtoto anayesoma kuchora amerudi nyumbani: tumsaidie namna gani?



Juma lililopita nilipita kwa yaya yangu kurudisha kapu lake, nikakuta maneno makali ndani ya lupango. Binti yake, ambaye anasoma kuchora kule Lubumbashi, alikuwa amekaa chini karibu na ukuta, karatasi juu ya magoti, anachora mbabula. Mbabula yenyewe ilikuwa baridi.

«Maji hayajachotwa, unga haujapimwa, na wewe unachora mbabula? Hiyo ni ya kupikia!»

«Mama, ni kazi ya shule.»

«Shule gani? Shule imefungwa.»

Yaya akanigeukia: «Wewe ni mwalimu, mwambie.» Nami, niseme ukweli, nilikuwa karibu kumwambia mtoto akachote maji kwanza. Kwa sababu hata mimi, shule zilipofungwa mwaka 2020, niliwaandalia wanafunzi wangu hesabu na Kifaransa kwenye karatasi za kupeleka nyumbani. Kuchora sikuweka hata ukurasa mmoja. Niliona kuchora kunaweza kungoja.

Lakini yule binti akanionyesha simu. Mwalimu wake alikuwa ametuma orodha: michoro 12, ya vitu vya nyumbani na ya watu wakiwa kazini. Kila mchoro upigwe picha na kutumwa. Kumbe mbabula ilikuwa namba 3. Shule haikuwa imefungwa yote. Kipande chake kimoja kilikuwa kimehamia ndani ya lupango la yaya, na sisi wawili hatukukitambua.

Tukumbuke tulivyofika hapa. Tarehe 18 Machi 2020 Rais wa Jamhuri alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu vyote kwa sababu ya Korona. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi tarehe 10 Agosti, na mwaka mpya wa masomo ukaanza tarehe 12 Oktoba. Tukafikiri yamekwisha. Tarehe 18 Desemba milango ikafungwa tena, nasi tukawa tunasikiliza redio kila asubuhi kujua lini itafunguliwa.

Kwa watoto wadogo tulipata msaada kidogo: Radio Okapi ilianzisha Okapi École, masomo ya hewani, na mtoto mwenye kaye na kalamu aliweza kufuata. Lakini redio haioni mchoro. Mwanafunzi wa sanaa anajifunza chini ya macho ya watu. Mwalimu anapita nyuma yake, anasimama, anasema: «Mkono huu ni mrefu kuliko mguu.» Mwenzake wa pembeni anachungulia na kucheka, naye anafuta na kuanza tena. Akirudi nyumbani anapoteza macho hayo yote siku moja. Simu inaweza kumletea orodha ya kazi. Macho haileti kwa urahisi, hasa ikiwa unite zimekwisha na betri imezima.

Ndiyo maana nawaandikia. Wengi wetu tunafikiri kumsaidia mtoto wa namna hii kunataka kompyuta, intaneti na mama aliyesoma sanaa. Sivyo. Anahitaji mahali, saa, vifaa vya bei ndogo, na watu wa kumtazamia kazi. Hayo tunayo.

Tuanze na saa. Binti aliyerudi nyumbani anarudia pia kazi zote za nyumbani: maji, moto, kufua, wadogo zake, meza ya sokoni. Kaka yake akikaa na kitabu tunasema anasoma. Yeye akikaa na karatasi tunasema anacheza. Simwambii mtu amwondolee binti yake kazi zote. Mimi pia nalea, na najua nyumba haijiendeshi. Nasema mpatane saa 2 kwa siku zinazojulikana na kila mtu, asubuhi wakati mwanga ni mzuri, na katika saa hizo asiitwe. Kama ni maji, kaka yake ana mikono.

Halafu vifaa. Karatasi za kuchorea na rangi za duka ni ghali, lakini makala ya kuchorea yanatengenezwa jikoni. Chukueni vijiti vyembamba vilivyokauka, mviondoe maganda, mvipange ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, mtoboe tundu dogo moja juu, kisha kopo likae ndani ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukiisha kutoka, ondoeni kopo na msilifungue mpaka lipoe kabisa, la sivyo vijiti vitawaka na kuwa majivu. Mtapata makala laini yanayoandika vizuri hata nyuma ya kalenda ya zamani au kwenye karatasi ya mfuko wa sima. Udongo mwekundu uliochujwa na pemba nyeupe vinatoa rangi. Uji mwepesi wa unga wa muhogo unasaidia rangi kushika.

Msione haya kwa sanaa ya vitu hivi. Mwaka 1946, kule Lubumbashi iliyoitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka wachore yale waliyoyaona na kuyakumbuka wenyewe. Pili Pili Mulongoy akachora samaki, ndege na majani ya nchi yetu. Mwenze Kibwanga akajenga picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Bela Sara akapaka rangi kwa ncha za vidole, bila burashi. Leo kazi zao zinatunzwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Kwa hiyo mtoto aliyeketi kati ya mbabula, kinu na ndoo hayuko mbali na somo. Yuko ndani yake.

Kuhusu simu, tufanye hesabu. Badala ya kununua megabaiti kila siku, binti akusanye michoro 3 au 4 na kuituma siku moja. Apige picha asubuhi nje ya nyumba, kivulini, karatasi imeegemezwa ukutani na simu inyooke mbele yake. Picha ya usiku chini ya taa inaficha mistari na mwalimu hawezi kusahihisha. Nyuma ya kila mchoro aandike tarehe na dakika alizotumia. Siku mwalimu wake atakapomwona tena, kaye hiyo itamsemea.

Jambo la mwisho ndilo kubwa: macho. Mama anayesema «ni nzuri» ameonyesha upendo, lakini mtoto hajapata kitu cha kufanyia kazi. Muulize: Ulianzia wapi? Sehemu gani imekusumbua? Kwa nini huyu mtu anaonekana kama anaanguka? Huhitaji diploma kuona kwamba ndoo uliyoichota miaka 20 haikai hivyo kichwani.

Hilo tulilijaribu. Jumapili, katika mkutano wetu wa likelemba, nilimwomba yaya amlete binti. Tulikuwa wamama 11. Tulikubali kukaa dakika 10 bila kusogea, kila mmoja na kazi mkononi: mmoja anachambua maharagwe, mmoja anasuka nywele za mwenzake, na Nkambo mmoja wa kata yetu anasuka mkeka. Kulikuwa na kicheko kingi. Kisha karatasi ikapita mkono kwa mkono.

Nkambo aliishika muda mrefu. Akasema: «Mtoto, umenipa uso wangu, asante. Lakini mkono huu hausuki. Kidole gumba kinakandamiza hapa, na hiki kinavuta. Ukishika hivi, mkeka unafunguka.» Akamshika binti mkono, akamwekea ukindu kati ya vidole, akamfanya asuke mistari 3 mwenyewe. Ndipo binti akachukua makala tena. Mchoro wa pili ulikuwa kitu kingine. Hata sisi tusiojua kuchora tuliona kwamba ule mkono ulikuwa unavuta.

Nikawakumbusha wamama kwamba Kamina si mgeni wa kujifunza namna hii. Ni hapa Kamina, mwaka 1958, ambapo Padre Guido Haazen pamoja na watoto na walimu wa shule waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, ambayo baadaye ilisikika dunia nzima. Haikutoka kwenye karatasi ya noti iliyoletwa kutoka Ulaya. Waliitafuta pamoja, huyu anaanza, wale wanaitikia, juu ya nyimbo ambazo wazazi waliwafundisha nyumbani. Nyumba zilileta nusu ya somo.

Sasa niseme lile ambalo yaya aliniruhusu kulisema. Wakati wa ugomvi ule, pesa ya masomo ya binti ilikuwa tayari imetengwa kwenda kununua magunia ya mahindi. Yaya hakuwa mbaya. Alikuwa amehesabu: mwaka mmoja, kufungwa mara 2, na mtoto ambaye kazi yake haionekani. Na mtu alikuwa ameanza kuuliza kama binti ameshaposwa. Ndivyo wasichana wetu wanavyopotea: hakuna anayewafukuza shuleni, bali kila siku inakula kidogo, mpaka siku ya kufunguliwa kunakuwa hakuna wa kurudi.

Jumapili jioni yaya alirudi nyumbani na mchoro wa Nkambo chini ya mkono. Juzi binti ametuma michoro 9 kati ya 12. Mwalimu wake alijibu kwa sauti, dakika 2, na yaya aliisikiliza mara mbili. Alisema kidogo tu: «Kumbe wanasahihisha kweli.» Magunia amenunua, lakini kwa mkopo mdogo wa likelemba. Pesa ya masomo imebaki sandukuni.

Wamama, katika kata zetu wako wengine waliorudi: wa kuchora, wa muziki, wa maigizo, wa kuchonga. Tuulizane katika vikundi nani yuko nyumbani na amepewa kazi gani. Anayeimba aimbe mbele yetu; anayeigiza atuchekeshe kabla ya hesabu ya michango. Tumpe dakika 20 kila mkutano, na tumwambie tulichoona.

Jumapili ijayo zamu ni ya michoro 3 iliyobaki. Binti anatafuta mama anayefinyanga chungu. Kama unamjua, mlete.